Kaburi la Babu Katika Orodha Yangu

Enzi ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, Makambako ilijaa watu kuliko meza. Treni ilishusha watu, malori yalishusha watu, na kila aliyeshuka alikuwa na robota la mitumba. Wengi walikuwa Watanzania wenzetu. Wengine walikuwa wamevuka mpaka bila hati yoyote, wakatandika turubai zao chini, mbele ya meza zetu sisi tuliokata leseni. Mimi nilikuwa nauza vitunguu, na nilikuwa katibu wa kamati ya soko kwa sababu nilifika kidato cha pili na mwandiko wangu unasomeka. Jambo lile lilinikera, nami nikikereka huwa naandika.

Barua kwa mkoa niliitunga mwenyewe. Mwenyekiti wetu, mzee wa Kiislamu kutoka Kondoa mwenye malori mawili, aliniomba nipunguze ukali. Sikupunguza hata nukta. Niliandika kwamba sheria za uhamiaji zipo ila zimelala, na kwamba tunaomba mkoa uzisimamie neno kwa neno, bila huruma na bila upendeleo. Tulipoitwa Iringa kwenye kikao, nilivaa kitenge kipya, nikasimama mbele ya wakubwa na kuisoma barua yote. Nilipigiwa makofi. Nakiri kichwa kilivimba, na kilikuwa bado kimevimba tuliporudi nyumbani.

Mkoa ulikubali. Maafisa wangekuja baada ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo kamati iandike orodha ya wauzaji wote, nani raia na nani mgeni. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Sasa mimi ni Mbena wa Mdandu. Kwetu mtu akiulizwa kwao ni wapi, hataji mahali alipojenga, anataja mahali babu yake alipozikwa. Hata posa ikija, wazee huuliza kwanza makaburi ya hao watu yako wapi. Kwa hiyo nilipita meza kwa meza na daftari langu, nikamwuliza kila mtu swali moja tu: kaburi la babu yako liko wapi? Niliona ni swali fupi na safi, maana mtu anaweza kudanganya mengi lakini kaburi la babu yake hadanganyi. Mwenyekiti alisema Kondoa. Wakinga walisema Makete. Nilimaliza safu nzima kabla ya saa sita mchana.

Jirani yangu mezani alikuwa muuza usipa, mjane kutoka Manda, kule ziwani. Vile visamaki vyake vikavu vilikuwa na harufu iliyoingia kwenye vitunguu vyangu, na tulikuwa tumegombana mpaka nikapigilia ubao katikati ya meza zetu. Nilipomwuliza swali langu alijibu bila kusita, "Babu yuko ng'ambo ya ziwa, Malawi." Nikaandika: mgeni. Hakuuliza nimeandika nini, nami sikumwambia.

Maafisa walikuja siku waliyosema. Wasio na hati waliambiwa wakunje turubai, maafisa wakawachukua. Baadhi yao walirudi miezi kadhaa baadaye wakiwa na vibali, wakakata leseni kama sisi, tukawapa meza. Kwa hilo sijuti hata leo.

Ila siku ile ile afisa alimwita na muuza usipa. Mjane yule alisimama na bakuli la kupimia mkononi. Aliulizwa cheti cha kuzaliwa, na hakuwa nacho. Wazazi wake walizalia nyumbani kama wetu. Alipewa siku kumi na nne apeleke ushahidi ofisini Njombe, na asitoke Makambako mpaka siku hiyo. Akishindwa, atavushwa ng'ambo, yeye na binti yake wa darasa la tano.

"Nivushwe kwa nani?" alisema. "Kule sina mtu hata wa kunifungulia mlango."

Maafisa walipoondoka, soko lote liliniangalia mimi, kisha likauangalia ule ubao. Mwenyekiti hakuzunguka. "Katibu, ugomvi wa usipa umeumalizia kwenye orodha?"

Nilikasirika, maana haikuwa kweli. Halafu nikaona aibu, maana hata mimi nisingeamini. Nilimgeukia jirani yangu. "Wewe ulizaliwa wapi?"

"Manda."

"Na mama yako?"

"Manda hiyo hiyo."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, dada katibu. Uliuliza babu."

Ile "dada" iliniuma kuliko kama angenitukana. Asubuhi iliyofuata nilifunika vitunguu vyangu kwa gunia nikapanda basi la Njombe. Kutoka Njombe nilipata lori la Ludewa, na kutoka Ludewa lingine lililoteremka taratibu mpaka ziwani. Nilitoka na masweta mawili mwilini, nikafika Manda nimeyabeba yote mkononi, natokwa jasho.

Shangazi wa jirani yangu alinipokea vizuri, akanipa samaki na ugali wa muhogo. Nilipomweleza habari ya kaburi, alicheka mpaka akajifuta macho. "Huyo babu alivuka kwenda msiba wa shemeji yake, akaugua homa, akafia huko huko. Huku kwetu mtu anazikwa alipofia, mwanangu, joto halisubiri mtumbwi. Ninyi wa baridini ndio mnaoweza kusafiri na maiti siku mbili."

Miaka yote nilidhani dunia nzima inarudisha wafu wake nyumbani, na kumbe ni baridi yetu tu. Shangazi alinipeleka kanisani kwao. Mwalimu wa kanisa alifungua kitabu cha ubatizo, na pale alikuwepo jirani yangu, na kurasa nyingi nyuma yake alikuwepo mama yake, wote wamezaliwa Manda. Alininakilia mistari yote miwili akagonga mhuri.

Siku ya kumi na mbili tulikuwa Njombe ofisini, mimi na muuza usipa, nje ukungu umeziba barabara. Afisa aliisoma nakala, akatoa faili, akaweka orodha mbele yangu.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, afande. Na kosa ni langu. Naomba liandikwe hivyo."

"Ulitumia ushahidi gani kumwita mgeni?"

"Kaburi la babu yake."

"Sheria inataja kaburi?"

"Haitaji."

"Basi ulitumia sheria gani?"

"Ya Mdandu," nilisema.

Muuza usipa aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa khanga. Afisa naye alikuwa karibu kucheka. Alivuta barua yangu kutoka kwenye lile faili, akapiga kidole juu ya mstari nilioujua kwa moyo. "Hapa uliomba sheria ifuatwe neno kwa neno."

"Niliomba Iringa na naomba tena hapa. Inauliza mtu amezaliwa wapi na wazazi wake ni akina nani. Majibu yako mezani kwako."

Alichukua kalamu nyekundu, akakata neno langu, akaandika juu yake: raia. Kisha akatukabidhi barua yenye mhuri ya kuthibitisha hivyo. Nimepigiwa makofi na mkoa mzima, lakini furaha niliyotoka nayo mlango ule sijaipata tena. Tulikumbatiana katikati ya ukungu, wanawake wawili wanaonuka usipa, na mimi ndiye niliyelia.

Kesho yake nilipanda juu ya kreti pale sokoni nikaisoma ile barua ya afisa kwa sauti ile ile ya Iringa, nikasema na kosa lilikuwa la nani. Mwenyekiti alianza kupiga makofi, soko likamfuata. Muuza usipa alisubiri mpaka nimeshuka.

"Kwa hiyo sasa mimi ni wa wapi, dada katibu?"

"Wa Manda. Imeandikwa."

"Basi ng'oa ubao wako," alisema, "na sogeza vitunguu."

Nikaung'oa, nikasogeza.