Gari la Ng'ombe wa Mahari Yangu

Nakumbuka, mwanangu, kiangazi kimoja hapa Bariadi, pamba imeshauzwa na watu wana nafasi ya kushangaa mambo, kaka yangu Masunga alipotaka kushindana na magari ya mbio yaliyokuja kutoka Mwanza.

Masunga alikuwa fundi gereji. Ng'ombe wa mahari yangu, ambao kwa desturi yetu Wasukuma ndio wangemwozesha yeye, aliwauza akaunda gari. We acha tu! Bodi aliigonga mwenyewe kwa nyundo mpaka ikafanana na gari la mbio la Kizungu aliloliona pichani. Chini ya bodi lilikuwa pikapu tu. Baba, mfugaji wa Mwandoya asiye na maneno mengi, alimwambia, "Likishindwa, linauzwa, ng'ombe warudi zizini." Maskini kaka yangu, wiki ile hakula akashiba.

Mashindano yenyewe, kila gari lilizunguka mapipa uwanjani peke yake, likipimwa kwa saa. Kwanza ulijiandikisha kundi: magari ya mbio ya kiwandani, au magari yaliyoundwa gereji. Masunga huyo, moja kwa moja kwenye kundi la kiwandani. Nikamnong'oneza, "Kaka, utaachwa mchana kweupe."

"Yale ya gereji ni makopo," akanijibu. "Langu nani atajua?"

Jamani, ujana!

Baba alikuwa ameshafika, fimbo mkononi. Hakugomba. Aliinama akachungulia uvunguni mwa gari, akakaa huko kitambo, akainuka na vumbi magotini.

"Masunga, ng'ombe wa gari hili walitoka zizi la nani?"

"Lako, baba."

"Na ng'ombe wa mahari wakishatolewa, mtoto ni wa nani?"

"Wa ukoo uliowatoa."

"Basi mbona mtoto wetu huyu unamwandikisha ukoo wa watu?"

Machozi yakamlenga kaka. Akaenda kubadilisha kundi. Aliendesha vizuri, asikudanganye mtu, ila pipa la mwisho akaliangusha, akawa wa pili. Nikajua gari limekwenda. Kweli, tajiri mmoja wa Nyashimo akamfuata baba akitaja bei nono.

"Mtoto hauzwi," baba akasema, akapanda kiti cha mbele cha gari letu, fimbo ikachungulia dirishani. Nililia, sikufichi.

Mwanangu, mcheza kwao hutunzwa. Siku ukiulizwa wewe ni wa kundi gani, wasikupumbaze wanaokusifia sura. Taja kile kilichokubeba, hata kama ni pikapu kuukuu. Ukishindwa ukiwa kwenye kundi la watu, hata wa kukupa pole humpati, maana hakuna aliyejua kwamba ni wewe. Na nawe ukiwa mzazi, inama kwanza uone mtoto ametumia nini kufika hapo, ndipo useme.

Mungu akukuze, akujazie zizi na nyumba. Na siku utakayokuwa wa pili, akupe mtu wa kukwambia twende nyumbani.