Vidole vya Kitaliano

Nilijifunza kupiga taipu mikono ikiwa imefunikwa leso. Ndivyo alivyofundisha mwalimu wetu pale Malindi, mama mmoja mkali aliyekuja kila asubuhi kutoka Gede na leso zake mkobani. Ukishakaa, anakutandikia leso juu ya mikono na mashine, ncha mbili anazifunga shingoni mwako, basi huoni herufi hata moja. "Macho ni ya kusomea," alikuwa akisema. "Vidole vitafute njia vyenyewe." Ukichungulia, unaanza upya. Nilitoka pale napiga upesi kuliko wote, na sioni haya kujisifu, maana ndiyo sifa pekee niliyobaki nayo.

Kazi niliipata kwenye hoteli ya Mtaliano mmoja, ufuoni. Mashine yake aliileta kutoka kwao, na herufi zilipangwa kwa mpango wa kwao: z imekaa mahali pa w, w imeshushwa mahali pa z, na m imehamishiwa safu ya kati, kando ya l. Sasa jaribu kuandika Kiswahili huku m na w hazipo unapozijua. Nilimwomba tajiri aniletee mashine ya Kiingereza, hata iwe kuukuu. Akacheka. "Herufi ni zile zile," akasema, "utazoea." Nikazoea. Hilo ndilo linaloniuma.

Nyumbani, mtaa wa Barani, baba hakuitaka kazi ya hoteli. Wageni nusu uchi, pombe, na mimi msichana wa nyumba inayojulikana. Kila Ijumaa akirudi msikitini ana neno aliloambiwa. Mwishowe ofisi moja ya serikali kule Kilifi ikawa yatafuta mpiga taipu. "Nenda," baba akaniambia. "Ukiipata, fanya kazi mpaka uchoke mwenyewe, sitakuuliza. Ukiikosa, hoteli basi. Utakaa ndani kama wenzako." Nikaitikia, "Haya, baba." Nilijua hasemi mara mbili.

Kilifi tulikalishwa wasichana wengi ukumbini. Mashine zote zilikuwa za Kiingereza, kama ile niliyojifunzia. Nilifurahi nilipoziona, mjinga mimi. Tukapewa barua ya kunakili, tukaambiwa tuanze. Nikafanya nilivyofunzwa: macho kwenye barua, vidole sikuvitazama hata kidogo. Wenzangu wa kando waliinamia mashine, wakidonoa herufi moja moja kama kuku, nikawa nawahurumia. Nilimaliza wa kwanza. Ndipo nikasoma nilichokipiga. Kila palipotakiwa w pana z, na palipotakiwa m pana nukta na mkato. Hakuna mstari uliosalimika.

Niliomba karatasi nyingine. Bwana aliyekuwa akisimamia aliitazama ile yangu, akanitazama mimi, akaniuliza, "Dada, wewe taipu umeisoma kweli?" Sijapata kutukanwa namna ile. Nikamweleza habari za mashine ya Mtaliano, lakini hata mimi nilijisikia nasema upuuzi. Kazi akapewa mmoja wa wale waliokuwa wakidonoa.

Baba hakugomba. Alisema tu, "Basi kaage."

Nilipokwenda kuaga nilimkuta tajiri anafungua masanduku. Kompyuta imefika, ya kwanza mimi kuiona. Kwa furaha yake hata hakuniuliza nimeletwa na lipi. "Tazama," akasema. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, akapiga herufi, ikatoka w. Akabonyeza tena vitatu, akapiga pale pale, ikatoka z. Kitaliano, Kiingereza, utakavyo wewe. "Si uliniomba ya Kiingereza? Haya, ndiyo hii."

Nilimwambia ahsante, nimekuja kuaga. Alidhani natania.

Jioni ile mama alinipa unga niukande. Nikaukanda, na vidole vikawa vinapiga taipu humo ungani, m kando ya l, kwa mpango wa Kitaliano.