Panya wa Ghalani Kwao Wapi?

Naogopa panya. Kwa miaka mingi nilikana, nikidai kwamba ni harufu yao tu nisiyoipenda. Kwa hiyo mdogo wangu Nakiete, mtafiti wa vinasaba vya wanyama wadogo, aliponiomba nifuatane naye Upareni nikawaeleze wenyeji kazi yake kwa Kiswahili chepesi, nilikubali upesi kama shujaa.

Tulitoka Same alfajiri, tukazunguka milima kupitia Kisiwani hadi Maore. Huko tambarare tulitega visanduku vya mtego kwa dagaa na siagi ya karanga. Kulipokucha vilikuwa vimejaa. Nakiete alimkata kila panya kijipande cha sikio kama punje ya mtama, akamwachia. Mimi nilishika mfuko, macho nimefumba.

Kutoka Maore tukapanda hadi Mamba, kwenye baridi na mashamba ya tangawizi. Mwenyeji wetu, Mama Nansia, alitusubiri mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndio nyie mabibi panya?"

Panya walikuwa wamemmalizia mahindi ghalani. Yeye na majirani waliamini wanatoka mpungi, msitu wa tambiko wa ukoo wake, kipande cha mwisho kilichobaki juu ya mashamba. Walitaka kuufyeka. Nakiete aliwaomba apime kwanza. Tukatega ghalani, tukatega na msituni; Nakiete akakata masikio mbele ya mama, nami tena nikafumba macho.

Siku ya kuondoka, Mama Nansia aliniuliza mbele ya majirani, "Hawa wa ghalani na wale wa msituni ni ndugu?"

Nikajibu kwa Kiswahili changu chepesi, "Panya wote ni ndugu, mama."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Jumamosi msaragambo. Kijiji kizima kazini, kila mtu na panga lake."

Nakiete alinitazama kama mtu aliyemwagiwa uji. Kisha akamgeukia mama. "Mimi na wewe ni ndugu?"

"Wapare wote ni ndugu."

"Basi mwizi akivunja kwako, utanikamata mimi?"

Majirani wakacheka. Mama Nansia hakucheka, lakini alilegea. "Nakupa mpaka msaragambo wa mwezi ujao. Ukichelewa, mapanga hayasubiri."

Tukashuka Same. Njia nzima Nakiete alikumbatia kiboksi chake cha barafu, nami nikakumbatia aibu yangu. Nilikuwa nimefunzwa kwamba neno jepesi laweza kuangusha miti.

Majibu ya maabara yalitoka siku mbili kabla ya msaragambo. Nikasisitiza nipige simu mimi, niliyeharibu.

"Mama, wa ghalani kwao ni kule Maore. Wanafuata mashamba. Wa msituni ni kabila jingine, hawazaliani nao kabisa. Mkifyeka, mtakuwa mmewaongezea wezi uwanja."

Jogoo akawika upande wake.

"Basi Jumamosi waje na nguzo. Tutainua ghala juu, panya wasifike. Mapanga wayaache kwao."

Nikashusha pumzi.

"Na wewe," akasema, "siku ile ulifumba macho. Unawaogopa?"

"Nawaogopa, mama."

"Hata mie. Usimwambie mtu."