Faili la Brashi

Mtaani walimwita Brashi tangu ujana wake, maana hakukuwa na duka wala saluni ambayo ubao wake haukupita mikononi mwake. Akichora herufi hakupima kwa rula. Alifumba jicho moja, akakohoa kidogo, mkono ukaenda wenyewe. Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayotoka mashineni yakiwa yamekwisha kukauka, na Brashi akabaki nyumbani akimkosoa mkewe jinsi anavyopanga vikombe.

"Niondolee huyu mtu," mke alimwambia mdogo wake, "kabla hajanipaka rangi na mimi."

Mdogo huyo alikuwa mtengeneza tovuti katika ofisi ya kukodisha viti na maturubai ya sherehe. Tovuti yake ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Akamchukua shemeji yake aje kuipamba. Akamwelekeza polepole: hapa rangi, hapa ukubwa wa herufi, hapa picha. Brashi aliipenda kazi ile hadi akaanza kuchomekea shati.

Tatizo lilikuwa faili. Sura ya ukurasa ilikaa faili moja na misimbo, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta ihesabu viti na kupokea oda. Vyote vilisokotana kama nywele zisizochanwa: mstari huu rangi, unaofuata hesabu, halafu rangi tena. Ijumaa moja Brashi alikuwa akitafuta kijani kilichotulia zaidi, akafuta na bano moja la misimbo bila kujua. Ukurasa ukawa mweupe pee. Waliotaka viti vya Jumamosi wakaenda kwa wengine.

Mwenye ofisi, mama asiyepandisha sauti, alisimama mlangoni.

"Brashi, nakuheshimu. Lakini ikitokea tena, utaniachia kompyuta yangu."

Tangu hapo Brashi alinywea. Kabla ya kugusa neno alipiga picha skrini kwa simu, mpaka simu ikajaa picha za misimbo na picha za wajukuu zikakosa nafasi. Mwishowe hakugusa tena.

"Shemeji, niwekee njano hapa."

"Njano ipi?"

"Yoyote."

Hapo ndipo shemeji yake alipojua mambo yameharibika. Brashi kusema yoyote, tena kuhusu rangi!

Akainamia kompyuta siku kadhaa, hata salamu akijibu kwa kuguna. Alikuwa akitenganisha. Misimbo aliihamishia kwenye faili lake. Sura ya ukurasa akaiweka peke yake katika faili jingine, aliloliita kiolezo: vichwa vya habari, rangi, picha. Panapotakiwa bei au idadi ya viti, aliacha nafasi yenye jina tu, BEI, IDADI. Msimbo ukishamaliza hesabu zake, unakuja kuzijaza.

"Hili ndilo lako," alimwambia. "La misimbo hutaliona hata kwa dawa."

"Nikiharibu je?"

"Haribu."

"Shemeji, usinitafutie balaa. Dada yako akiniona nyumbani mchana anavimba."

"Nimesema haribu. Futa kitu!"

Brashi akapangusa viganja kwenye suruali, akafuta nafasi ya IDADI na mstari wa chini yake, akafumba macho. Alipofumbua, ukurasa ulikuwa kituko. Kichwa cha habari kimeangukia picha ya turubai, na idadi ya viti haionekani. Lakini ulifunguka. Shemeji akaagiza viti vya kujaribia kupitia ukurasa huohuo, na oda ikaingia.

"Umeona? Umeuvalisha suruali kichwani, na bado unafanya kazi."

Brashi akacheka mpaka akashika meza.

Asubuhi iliyofuata mwenye ofisi alitaka ukurasa wa viti vipya vya dhahabu, uwe tayari kabla ya saa sita. Shemeji akavuta kiti chake. Brashi hakumpisha.

"Nitafanya mimi."

Mama akamtazama shemeji. Shemeji akainua mabega. Basi mama akasimama nyuma ya Brashi, amekunja mikono. Katikati ya kazi picha ikaruka ikajibana pembeni. Mama akavuta pumzi. Shemeji akanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Toa mkono," Brashi akasema, bila kugeuka. "Nimeiona."

Akairudisha picha. Akajaribu njano moja, akaikataa. Ya pili akaikunjia uso. Ya tatu akafumba jicho moja, akakohoa kidogo, akaiacha hapo. Ukurasa ukafunguka, viti vinang'aa, bei na idadi zimekaa mahali pake. Kabla mama hajasema neno, oda ya kwanza ikaingia.

Mama akakunjua mikono.

"Mtafutieni kiti chenye mgongo," alisema akielekea mlangoni. "Huyu atakaa."