Polikarpi na boliti ndani ya boila

Saa moja asubuhi, Jumatatu. Kinu cha kukoboa kahawa cha Bugene, Karagwe, kimenyamaza. Polikarpi Mbonimpa, miaka 54, mwangalizi wa boila, tangi la chuma linalochemsha maji ya mvuke wa kuendesha kinu, anaingiza mkono ndani ya tanuru lake, anapapasa dari, anautoa ukiwa mweusi.

"Bado imo," anasema.

Ni boliti ya chuma. Juzi, Polikarpi akiwa msibani Kaisho, meneja aliifunga mahali pa kizibo cha shaba chenye moyo wa risasi, madini laini. Maji yakipungua mno, risasi huyeyuka, mvuke humwagikia moto na kila mtu hujua kuna hatari. Boliti haiyeyuki. Boila hupasuka.

Kizibo cha zamani kimechakaa, na mwaka huu wa 1984 vipuri havipatikani.

Mbonimpa alianza kazi ya mchochea moto wa garimoshi mwaka 1952. Chuoni Tabora alifundishwa na Mwingereza aliyetoka Great Western, kampuni ya reli iliyoanzishwa mwaka 1835 kuunganisha London na Bristol. Bwana yule alijivunia reli yao pana ya futi saba, iliyobadilishwa 1892 kwa sababu treni za kampuni nyingine hazikuweza kuipita. Serikali ya Uingereza ilipoichukua kampuni mwaka 1948, Mwingereza huyo alihisi kama amefiwa.

Mbonimpa alichoshika ni kengele. Great Western iliweka kengele ndani ya chumba cha dereva. Njia ikiwa salama, inalia. Kukiwa na hatari, kinalia king'ora.

"Mwalimu alisema binadamu husahau, kwa hiyo chuma kimkumbushe," anasema Mbonimpa.

Meneja, Anatory Rwegoshora, ana magunia 600 yanayosubiri lori la Ijumaa. Amempa Mbonimpa mpaka saa sita mchana: awashe moto au arudishe funguo na kuukosa mshahara wake wa shilingi 900.

"Mzee Polikarpi, wewe angalia maji tu," anamwambia. "Waingereza walishaondoka."

"Mvuke haujui kama wameondoka, mwanangu."

Wapakiaji wanacheka. Nyuma ya ukuta wa boila wameketi wanawake arobaini wanaochambua kahawa. Mmoja ni Deodatha, binti yake.

Meneja anapokwenda ofisini, Mbonimpa anachukua spana, anafungua boliti na kuitia mfukoni. Boila lenye tundu haliwashwi.

Sasa anawahi basi la Bukoba, kisha meli ya Mwanza, akamwombe kizibo rafiki yake wa zamani katika karakana ya reli. Anatumaini kurudi Alhamisi.

"Ninachoogopa ni kimoja," anasema. "Boliti za saizi hii zinauzwa Kayanga, hapa jirani, na meneja anajua."