Jani la Sukuma Kwa Tanki

Nikichemsha sukuma wiki, ile harufu ya kwanza ikinipiga usoni, narudi kwa sebule yetu ya utotoni kule Mutuini, mbele ya tanki ya samaki.

Konokono zilikuwa zimejaa kwa kioo mpaka samaki zangu mbili nyekundu hazionekani. Baba alikuwa amechoka nazo. "Kesho tukitoka kanisa namwaga hiyo kitu yote kwa shamba." Nililia sana. Ndugu yangu akasema tuweke chumvi, Mama akamuuliza, "Kwani unapika supu?"

Halafu Mama akachukua jani kubwa la sukuma, akalichovya kwa maji moto, akalifunga kwa kijiko na uzi, akalizamisha kwa tanki. "Nyinyi mnakataa sukuma. Wacha tuone kama hawa wageni watakataa."

Asubuhi sikuona jani. Niliona kitu nyeusi inang'aa, inatembea polepole bila kuenda mahali, konokono juu ya konokono. Na kioo kilikuwa safi! Samaki zangu zilipita hapo kati kama moto mdogo.

Baba akatoka na suti ya kanisa, tai bado haijafungwa. Akapiga magoti kwa zulia, mdomo wazi. Mama akainua kijiko, na konokono zote zikapanda nayo, maji ikichuruzika, hakuna hata moja iliachilia.

"Ai! Waliitana wote?" Baba akauliza, sauti chini kabisa, kama tuko kwa maombi.

Akainuka, akaenda shambani na hiyo suti yake, akarudi na jani ingine la sukuma.