Tovuti ikibaki nyeupe, maman anatoka

Admin, futa chochote kinachoweza kuonyesha mimi ni nani, hata kama kitaharibu maelezo. Nina miaka ishirini na sita, ninaishi Bagira, hapa Bukavu, pamoja na maman na wadogo zangu. Nilisoma informatique, mambo ya kompyuta. Tangu vita viingie mjini ninafanya kazi kwa tonton, mdogo wake maman, ambaye ana shirika dogo. Ninawaandikia kwa sababu ninaogopa, na nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia bila kumtia hatarini.

Shirika letu lina tovuti inayoeleza jambo moja tu: barabara ipi ina masasi, ipi imefungwa, ipi inapitika. Watu wa huku kwetu wanaifungua asubuhi kabla ya kushuka mjini. Mwanzoni, siku isiyokuwa na hatari, tonton alikuwa anaacha ukurasa mtupu kwa kuwa hatukuwa na la kusema. Watu wakazoea. Jirani akiuliza njia ikoje, anaonyeshwa simu: "Iko mweupe, twende." Baadaye tulianza kuandika kwamba njia ni salama, lakini mazoea hayakutoka. Mpaka leo, kwa watu wa hapa, weupe ni ruhusa ya kutoka.

Juma lililopita maman alifungua simu yake akiwa amekwisha kubeba beseni lake la sambaza, dagaa anazouza sokoni. Nilimwambia angoje kidogo, pengine réseau, mtandao wa simu, ni mbaya.

"Ningoje nini? Si iko mweupe?" akasema. "Diplôme yako inakuogopesha kuliko masasi."

Alicheka, akaenda. Hakufika mbali. Wenye bunduki walianza kufyatuliana risasi upande ule ule aliokuwa anashukia, na yeye akalala ndani ya mufereji na mwanamke asiyemjua, wameshikana mikono. Aliporudi kitenge chake kilikuwa matope matupu. Niliitoa simu kifuani mwake ili niikaushe. Ukurasa ulikuwa umekwisha kufunguka. Juu kabisa palikuwa pameandikwa, kwa maneno niliyoyapanga mwenyewe alfajiri: MUSISHUKE.

Maman hakuliona, na sijamwonyesha.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kuchunguza tovuti. Nieleze kwa wasiojua kazi hii. Simu inasoma ukurasa kuanzia juu kwenda chini. Ikikuta juu mstari unaoita kipande cha programu kutoka mashine ya watu wengine, inasimama, inakwenda kukichukua huko mbali, inakitekeleza, ndipo inaendelea kuchora maandishi. Réseau yetu ya siku hizi inakatika kila mara, na wakati simu inangoja kipande hicho, msomaji haoni kitu. Anaona weupe. Nilikuta vipande vitatu vya namna hiyo, vyote juu ya habari zetu. Viwili nilivifahamu. Tonton aliviweka ili wafadhili wajue tunasomwa na watu wangapi. Cha tatu, kile cha kwanza kabisa, sikukifahamu. Kinachukua alama inayoitambulisha simu na mahali ilipo, kisha kinapeleka kwenye anwani isiyo yetu. Maana yake simu ya mtu inatangaza kwanza iko wapi, halafu ndipo mwenyewe anapewa onyo.

Nilimfuata tonton mu bureau, ofisini kwake. Aliinuka akafunga mlango kabla hata sijamaliza.

"Ile ya juu hapana yangu," alisema. "Walikuya batu. Waliomba na adabu, na bunduki juu ya magoti. Weye ungekatala?"

"Basi tuishushe chini, tonton. Itabaki, lakini watu watasoma onyo kwanza."

"Nilishawauliza hiyo. Mutoto wao wa ordinateur, fundi wao wa kompyuta, akasema hapana. Ikiwa chini, mutu anasoma haraka, anafunga, yenyewe haijafanya kazi. Hesabu itaanguka, na watajua siku ile ile." Akanitazama. "Na batauliza nani anajua kuigusa. Hapa ndani tuko wawili tu. Mimi sijui."

Nilimkumbusha habari ya dada yake ndani ya mufereji. Akashika kichwa. Kisha akasema polepole, "Mwambie asitoke." Nikamuuliza kama nitawaambia na wengine wa Bagira wasitoke. Akaenda kufungua mlango.

Maman nimemwomba asiamini ukurasa mweupe. Aliniuliza kwa nini, sikuweza kusema, akaniona ninadeka. Nikimwambia, kesho itajulikana sokoni, na wale watu watataka kujua neno limetokea kwa nani. Nikishusha vile vipande chini, majirani watapona, lakini tonton atafuatwa, na baada yake mimi. Kuifunga tovuti kabisa nako kutawaacha watu waende gizani, kwa maana kuna siku réseau inakuwa nzuri na onyo linafika kwa wakati. Nimewaona wanaorudi kutushukuru.

Leo tonton amenisalimia kwa upole akaniuliza kama nilipata usingizi. Hajawahi kuniuliza hivyo. Sijui anaogopa kwa ajili yangu au ananiogopa mimi.

Tafadhali msiniambie tuhame. Maman hakubali, na barabara za kutokea ndizo hizo hizo. Maman na tonton walinyonya ziwa moja, na kila ninalofanya linamlinda mmoja kwa kumtoa mwingine. Wewe unayesoma, ungekuwa mimi ungegusa ule mstari au ungeuacha? Niandikieni leo, hata kwa neno moja, kwa sababu sambaza zimekwisha kununuliwa, na asubuhi maman anashuka.